Kimweri ye Nyumbai, Mfalme wa Vugha

Mtu apandaye kutoka Mombo kwenda Lushoto hupita Soni, na si mbali na hapo ndipo ulipo Vugha, uliokuwa zamani mji wa wafalme wa Washambaa. Jioni hii twataka kuwasimulia habari za mkubwa wao, Kimweri ye Nyumbai, aliyetawala karibu nusu karne hata alipofariki mwaka 1862, na jinsi ufalme wake ulivyovunjika upesi baada yake.

Kimweri alikuwa wa ukoo wa Wakilindi, uzao wa Mbegha, yule mwinda nguruwe aliyetoka Ngulu. Visa vya Mbegha vimo katika kitabu cha Abdallah bin Hemedi, Habari za Wakilindi, nasi hatutavirudia. Watu walimwamkia mfalme kwa kusema, Simba Mwene. Tena waliamini kuwa mvua ilikuwa mkononi mwake. Akiwapo mfalme mmoja mwenye nguvu, nchi hupona na mvua hunyesha. Wakiwapo wawili washindanao, kila mmoja huzuia mvua ya mwenzake, na wenye kufa njaa ni wakulima.

Basi Kimweri aliishikaje nchi kubwa namna ile, kutoka milimani hata Bondei na karibu ya pwani, naye hana jeshi la kudumu? Aliishika kwa wanawe. Alioa wake wengi katika vijiji vya nchi, na watoto waliozaliwa akawapa utawala huko na huko. Kila mmoja alitoza kodi na kupeleka fungu Vugha. Hata madiwani wa pwani ya Tanga na Pangani walitaka kibali chake pamoja na cha Sayyid Said wa Unguja. Krapf, padre Mjerumani, alifika Vugha mwaka 1848, na tena mwaka 1852, akaona jinsi neno la mfalme lilivyoogopwa. Lakini Burton na Speke walipofika mwaka 1857 walimkuta mzee dhaifu, akitumaini kuwa wageni wale wana dawa ya kumrudishia nguvu.

Mwanawe wa kwanza, Mshuza, alikwisha kufa. Kwa hiyo kiti kilimwangukia Shekulwavu, mwana wa Mshuza, kijana aliyepaswa kuwaamuru baba zake wadogo. Nao wangemtii kwa sababu gani? Walimtii Kimweri kwa kuwa ni baba yao. Jambo hili limeonekana hata Ulaya. Mwaka 1363 mfalme Jean wa Pili wa Ufaransa alimpa mwanawe Philippe nchi ya Burgundy. Haikupita miaka 60, watawala wa Burgundy wakawa upande wa Waingereza juu ya mfalme wao wenyewe.

Katika Usambaa mtu huyo alikuwa Semboja, mwana wa Kimweri, aliyekaa Mazinde, chini ya milima. Misafara iliyotoka Pangani ilipita pale, na kwa misafara zilikuja bunduki na baruti. Vugha, mji mtukufu juu ya kilima, haukuwa na njia ya biashara. Sisi twaona kwamba hapo ndipo shauri lilipokatwa, kabla ya vita: nguvu ilikuwa imekwisha kushuka bondeni.

Yapata mwaka 1868 Semboja aliushambulia Vugha, mji ukateketea kwa moto, na Shekulwavu akakimbia. Hakuishi sana baada ya hayo. Wabondei, waliochoka kuona watu wao wakikamatwa na kuuzwa utumwani, wakaondoka juu ya Wakilindi, wakawaua wengine na kuwafukuza wengine. Vita vya jamaa viliendelea miaka mingi, na mateka wakapelekwa Pangani kuuzwa.

Semboja mwenyewe hakukaa Vugha. Alimweka kitini mwanawe, Kimweri Maguvu, naye akabaki Mazinde, kwenye njia ya misafara.