Mbuzi wa Nduiko

Mwembe uliopandikizwa una haraka ya ajabu. Hapa Ishiara, kwenye joto la Mbeere Kaskazini, unauweka ardhini ukiwa hata kiuno haujakufika, na kabla hujauzoea umeshachanua. Mkulima anayeijua kazi yake huyakata maua hayo. Nilimkuta jirani yangu akifanya hivyo kwenye miche yake ya Apple na Tommy, kisu kidogo mkononi, vishada vya maua vikianguka vumbini. Mkewe alikuwa amesimama kando.

"Ukiuacha uzae sasa hivi, tawi litapasuka na mti utadumaa," mume alisema.

"Na karo, Baba Watoto? Nayo itasubiri mti ukomae?"

Sikuona ni yupi kati yao aliyekosea.

Nilikumbuka maua hayo siku chache baadaye, nikiwa kando ya uwanja wa kikapu wa shule moja ya upande wetu, mazoezi ya muhula wa kwanza yakiendelea. Sakafu ya simenti imepasuka, pete moja imeinama, nyavu hazipo. Kijana wa Kidato cha Pili, mrefu kuliko walimu wake wote, alikuwa amesimamishwa chini ya pete. Kazi yake ni kuinua mikono, kudaka na kufunga. Mpira ukimjia mbali na pete, anaupokea na kumrudishia mwenzake mfupi haraka, kama mtu aliyeshikishwa sufuria ya moto. Timu inashinda, na inashinda kwa sababu yake.

"Mwalimu, mbona humfundishi kudunda?"

"Nitamfundisha, mashindano ya kaunti yakiisha. Halafu hata nikimfundisha, unadhani nitabaki naye?"

Kila mtu anajua yanayofuata. Shule kubwa ya mbali itasikia habari za urefu wake, itampa ufadhili, naye ataondoka na sanduku lake la bati kwa barabara ya lami inayoelekea Ena. Shule iliyomtoa kwenye kuchunga mbuzi ikamweka uwanjani haitapata hata mpira mmoja. Mwalimu huyo si mtu wa pupa. Amepiga hesabu tu, nayo imemwambia achume tunda mapema.

Wachambuzi wa mpira wa kikapu hupenda kulizungumzia jambo hili kama suala la tabia: kocha huyu ana subira, mwenye timu yule hana. Mimi naliona kama deni. Kungoja kuna gharama, na kila jadi ya mchezo huu imeamua kwa njia yake nani ailipe na nani alipwe.

Marekani wameamua kumlipa anayeshindwa. Timu zinazovuta mkia kwenye NBA hupewa nafasi bora za kuchagua vijana wapya, basi kufungwa nako kukageuka mtaji. Philadelphia 76ers, chini ya meneja wao mkuu Sam Hinkie, walilichukua wazo hilo wakalifikisha ukingoni. Misimu mitatu mfululizo kuanzia 2013 walishinda mechi 19, kisha 18, kisha 10, kila msimu ukiwa na mechi 82. Mashabiki wakauita mpango huo Mchakato na kuushangilia kana kwamba ni kombe. Hinkie aliondoka Aprili 2016, kabla Joel Embiid, Mkameruni aliyemchagua mwaka 2014, hajacheza hata mechi moja ya ligi kwa sababu ya majeraha. Embiid akaja kutawazwa mchezaji bora wa ligi mwaka 2023, lakini hadi 2025 ubingwa ulikuwa haujarudi Philadelphia. Ligi yenyewe ilishtuka: mwaka 2019 timu ya mkiani, ambayo zamani ilikuwa na asilimia 25 ya bahati ya kuchagua wa kwanza, ilipunguziwa hadi asilimia 14, sawa na mbili zilizo jirani yake.

Mfano wa upande wa pili ndio unaonifurahisha zaidi, pengine kwa ubaya wa moyo wangu. Julai 2019, Los Angeles Clippers walitaka ushindi wa papo hapo. Wakampeleka Shai Gilgeous-Alexander, aliyekuwa amecheza msimu mmoja tu, kule Oklahoma City, pamoja na haki tano za kuchagua vijana wa raundi ya kwanza, ili wampate nyota Paul George. Oklahoma City Thunder wakapitia misimu ya njaa, ushindi 22, kisha 24. Mmojawapo wa vijana waliopatikana kwa haki zile ni Jalen Williams. Juni 2025 Thunder wakatwaa ubingwa, Gilgeous-Alexander akiwa mchezaji bora wa msimu na wa fainali. George naye alikuwa ameshaondoka Clippers mwaka uliotangulia, bila wao kupata fidia yoyote. Na alikokwenda? Philadelphia.

Ulaya hadithi hii haiwezekani, maana ligi za huko zina kushuka daraja. Nani ashindwe kwa makusudi ilhali shimo liko nyuma yake? Huko klabu hulea mtoto huku ikicheza kufa na kupona. Real Madrid walimchukua Luka Dončić kutoka Slovenia akiwa na miaka 13, wakamwingiza timu kubwa mwaka 2015 akiwa na 16, na mwaka 2018 akawapa ubingwa wa Ulaya kabla ya kuvuka bahari. Waliweza kwa kuwa wangoje au wasingoje, walikuwa na wakongwe wa kushinda mechi ya Jumapili. Subira ni rahisi ghala likijaa.

Hapa kwetu kulikuwa na utaratibu wa zamani uliolijua tatizo hili vizuri. Wambeere waligawanyika katika vizazi viwili, Nyangi na Thathi. Waembu wakasema Nyangi na Kimanthi. Baba akiwa wa huku, mwana huwa wa kule, na madaraka yakapokezanwa kwa sherehe iliyoitwa nduiko, ambayo jirani zetu Wameru huiita ntuiko. Kupanda ngazi za uzee nako kulilipiwa mbuzi: anayeingia hulipa, waliotangulia hula. Sitaki kuupamba wakati ule. Vijana walingoja hadi mvi ziwatoke, na hawakuwa na pa kwenda. Lakini kuna jambo moja ambalo lile baraza la wazee lililiona na ligi nyingi hazilioni: anayeachia nafasi asipopata kitu, ataikalia.

Kandanda angalau imebakiza mguu mmoja wa mbuzi. Mchezaji akiuzwa nje ya nchi, asilimia 5 ya fedha hugawiwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Kikapu cha shule zetu hakina hata ukwato. Klabu kubwa za Kenya kwa miaka mingi zimekuwa za waajiri, kama KPA ya bandari, Ulinzi Warriors ya jeshi na Equity ya benki, na mwajiri hutaka mtu aliyekwisha kuiva. Matokeo yake yako wazi. Mwaka 1993 Kenya ilishika nafasi ya nne Afrika, ikicheza nyumbani Nairobi. Haikurudi kwenye mashindano ya ubingwa wa Afrika hadi 2021, baada ya Tylor Ongwae kuifunga Angola kwa mtupo wa mwisho, 74 kwa 73. Miaka 28! Kizazi cha 1993 hakikuwa na wa kumkabidhi.

Ligi ya Afrika, BAL, imejaribu dawa nyingine: tangu 2022 klabu hupewa kijana kutoka akademia ya NBA iliyoko Saly, Senegal. Ndivyo Khaman Maluach, aliyezaliwa Sudan Kusini na kukulia Uganda, alivyovaa jezi ya City Oilers ya Kampala mwaka 2024 katikati ya watu wazima, na mwaka mmoja baadaye akachaguliwa wa 10 NBA. Kenya ilipoingia BAL kwa mara ya kwanza 2025, kupitia Nairobi City Thunder, nilitazama orodha ya wachezaji nikimtafuta wa kutoka huku kwetu kwenye muguka na ndengu. Sikumwona.

Yule kijana mrefu bado yuko shuleni. Mashindano ya kaunti yaliisha, na kudunda bado.

Juzi nilipita kwa jirani. Miche mingi ameikata maua kama alivyosema, ila miwili iliyo karibu na barabara imezaa. Tawi moja limeegemezwa gongo lenye panda, maembe manne yakining'inia karibu yaguse vumbi.

"Hiyo ni ya karo," mkewe aliniambia. "Tulielewana."