Uki wa asali: Kinywaji cha wazee kisichotaka haraka

MSAFIRI anayetoka Nairobi kuelekea Mombasa, akishaupita mji wa Athi River, huviona vilima vya Lukenya vikiinuka kwa miamba yake juu ya nyanda kavu. Hapo ndipo nchi ya Wakamba, katika Kaunti ya Machakos, inapokaribiana na mbuga za Kapiti ambako Wamaasai walilisha mifugo tangu zamani.

Jamii hizi mbili ziligombania ng'ombe kwa vizazi vingi, lakini katika jambo moja zilikubaliana: kwamba asali na pombe ni ndugu. Katika Kimaasai, neno enaisho hutumika kwa asali na vilevile kwa kinywaji kitokanacho nayo. Katika Kikamba, pombe huitwa uki, ilhali kwa jirani zao Wakikuyu neno lilo hilo, uuki, ni asali. Nchini Tanzania, pombe ya asali inajulikana kama wanzuki, jina linalotokana na nzuki, yaani nyuki. Waethiopia nao huiita tej, na huitia majani ya mti wa gesho ili kuipa uchungu kidogo.

Asili ya kinywaji hiki ni mzinga. Wakamba walichonga mizinga kutoka kwa magogo, wakaitundika juu ya migunga na miti mingine ya nyika, kila mzinga ukiwa na alama ya ukoo wa mwenyewe. Mtafiti kutoka Uswidi, Gerhard Lindblom, ambaye kitabu chake kikubwa juu ya Wakamba kilichapishwa mwaka wa 1920, aliandika kuhusu ufugaji huo wa nyuki na desturi zake. Katika miaka ya 1970, mzinga wa vijiti vya juu uliobuniwa nchini Kenya ulianza kuenezwa. Huo humwezesha mfugaji kukagua masega bila kuubomoa mji wa nyuki, lakini mizinga ya magogo haijatoweka Ukambani.

Namna inavyotengenezwa

Asali yenyewe haichachi upesi. Takriban asilimia 80 yake ni sukari, na maji hayafiki asilimia 20. Katika uzito huo hamira haiwezi kufanya kazi. Ndiyo maana hatua ya kwanza ni kuizimua. Kipimo cha kawaida ni sehemu moja ya asali kwa sehemu nne au tano za maji yaliyochemshwa yakapoa hadi kuwa vuguvugu. Maji ya moto sana huiondolea asali harufu yake nzuri, na yakikutana na hamira huiua.

Wazee hawakununua hamira dukani. Waliitoa katika tunda refu la mti uitwao mvungunya, au mwegea, ambalo Wakamba huliita kwa wingi miatine na Wakikuyu miratina. Tunda hilo halifai kuliwa bichi, kwa kuwa lina sumu. Hupasuliwa, huondolewa mbegu, huchemshwa na kuanikwa juani hadi linyauke na kubaki nyuzi kama sifongo. Kisha huloweshwa katika maji yenye asali kidogo kwa siku kadhaa, ili hamira izaliane na kujificha ndani ya nyuzi hizo. Baada ya kukaushwa tena, huwa tayari kwa kazi, na laweza kutumika mara nyingi. Wataalamu waliochunguza kinywaji hiki wameikuta humo hamira ya jamii ileile inayoumua mkate.

Mchanganyiko huwekwa katika kibuyu au mtungi, karibu na meko ili upate joto la wastani. Huko hamira huila sukari, ikatoa kileo pamoja na hewa ya kaboni, ambayo ndiyo hulifanya povu lipande. Chombo hufunikwa lakini hakizibwi kabisa, kwa sababu hewa hiyo isipopata njia yaweza kukipasua.

Ukali wa kinywaji hutegemea asali iliyotiwa na muda uliopewa. Kwa kadiri, kila gramu 17 za sukari katika lita moja huweza kutoa asilimia moja ya kileo. Hivyo, lita moja ya asali katika lita tano za maji, ikiachwa ichache hadi mwisho, yaweza kufikia asilimia 11, sawa na divai. Kinachonyweka baada ya siku mbili au tatu huwa bado kina utamu na nguvu pungufu. Kikiachwa wazi muda mrefu, hugeuka siki.

Kinywaji hiki hakikuwa cha kila siku wala cha kila mtu. Kililetwa katika mapatano ya mahari, katika mikutano ya wazee na katika matambiko, ambapo kidogo kilimwagwa chini kwa ajili ya wahenga. Vijana hawakuruhusiwa kukigusa. Uchache wa asali pia ulikuwa mlinzi: hakuna aliyeweza kulewa kila jioni kwa mavuno ya misimu michache ya maua.

Sumu ya haraka

Leo mambo ni tofauti. Pombe nyingi inayouzwa kwa jina la kaluvu au muratina hutengenezwa kwa sukari ya dukani, kwa kuwa asali ni ghali. Hilo peke yake haliui. Kinachoua ni methanoli, kemikali ya viwandani ambayo wauzaji wenye tamaa huichanganya na vileo ili viwe vikali upesi.

Wakazi wa Machakos wanayajua machungu hayo. Mwezi Juni mwaka wa 2005, watu zaidi ya 40 walikufa katika eneo hilo baada ya kunywa pombe yenye methanoli. Miaka mitano awali, mwaka wa 2000, zaidi ya watu 100 walikuwa wamepoteza maisha jijini Nairobi kwa njia hiyohiyo.

Methanoli haitambuliki kwa ladha wala kwa harufu. Dalili zake huweza kuchelewa kwa saa 12 hadi 24: kichwa kuuma, kutapika, maumivu ya tumbo, na macho kuona ukungu. Mwenye dalili hizi apelekwe hospitali bila kusubiri, kwa maana dawa ipo lakini macho yakishaharibika huenda yasirudi. Asali iliyochachishwa kwa njia safi haina hatari hiyo, kwani ina kiasi kidogo mno cha pektini, ambayo ndiyo chanzo cha methanoli katika uchachushaji wa matunda.

Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka wa 2010, iliyochukua nafasi ya sheria ya zamani ya leseni za vileo na ile ya kupiga marufuku chang'aa, inamtaka kila anayetengeneza au kuuza kileo awe na leseni, na inakataza kuwauzia walio chini ya miaka 18. Ni katazo ambalo wazee wa kale wangelielewa bila kufafanuliwa.

Hata hivyo, sheria haiwezi kuleta asali. Kandokando ya Lukenya, viwanda vya saruji, machimbo ya mawe na mitaa mipya vimeenea, na kwingineko Ukambani migunga hukatwa kwa ajili ya makaa. Mti ukianguka, maua huondoka, na nyuki huyafuata. Atakayetaka kuionja pombe ya wazee kama walivyoijua hana budi kuanzia huko: autunze mti, autundike mzinga, angoje maua. Na siku kibuyu kitakapokuwa tayari, akumbuke kwamba mchovya asali hachovyi mara moja, ajiwekee mpaka mapema.