Madonge Yasiyouma

Mgonjwa amepasuliwa tumbo, kidonda kinapona vizuri, na daktari ameanza kutaja siku ya kurudi nyumbani. Asubuhi moja anasimama kwenda msalani, anaanguka na kufa. Donge la damu limeng'oka mguuni na kuziba mishipa ya mapafu. Rudolf Virchow, Mjerumani, alikwisha kueleza safari hiyo ya donge katikati ya karne ya 19. Kilichokosekana ni namna ya kulikuta kabla halijaondoka. Daktari alibonyeza shavu la mguu na kuuliza kama linauma, basi.

Njia ilipatikana ndani ya damu yenyewe. Damu ikiganda hutumia protini iitwayo fibrinojeni. Ukiibandika iodini yenye mionzi na kuidunga mwilini, donge linalojijenga litaimeza pamoja na mionzi yake. Kuifuata damu kwa mionzi hakukuwa jambo geni: Boston, miaka ya 1920, Hermann Blumgart alidunga kiini cha mionzi kitokanacho na radiamu katika mkono mmoja, akapima sekunde hadi kilipofika mkono wa pili.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 Vijay Kakkar na wenzake walikuwa wakiitumia fibrinojeni hiyo katika hospitali ya King's College, London. Kwanza mgonjwa alipewa iodini ya kawaida, tezi ya shingoni ishibe, isije ikainyakua ile ya mionzi. Kisha, siku baada ya siku, miguu iliinuliwa na kipimo kikapitishwa juu ya alama zilizochorwa kwenye ngozi. Hapakuwa na picha yoyote, tarakimu tu (nami navutiwa na ukavu huo). Alama moja ikizizidi jirani zake na kubaki juu, hapo pana donge.

Mwaka 1969 walichapisha matokeo: kati ya wagonjwa 132, 40 walikuwa na madonge, mengi katika miguu isiyouma wala kuvimba. Kwa 14 yaliyeyuka yenyewe ndani ya saa 72. Kwa wanne yalifika mapafuni.

Kipimo kilikuwa na kasoro. Karibu na nyonga kilichanganywa na mionzi ya mkojo kibofuni, na fibrinojeni ilitoka kwa wachangia damu, ikaja na hofu ya homa ya ini. Baadaye ultrasaundi ilichukua nafasi yake. Lakini sasa daktari angeweza kukinga asichokiona. Mwaka 1975 kundi la Kakkar lilitoa matokeo ya wagonjwa 4,121 wa upasuaji: waliokufa kwa donge la mapafuni walikuwa 16 miongoni mwa wasiopewa heparini, na 2 miongoni mwa waliopewa.