Rota, nguruwe na matone ya mwanao (Sehemu ya 3)

Leo tunaendelea na historia ya maradhi ya kuharisha. Wiki hii dada mmoja, mwanawe ana wiki 6, kanitumia ujumbe unaozunguka kwenye magrupu: "Matone ya rota yana nguruwe, msiwape watoto." Ananiuliza afanye nini. Suala lake si la kuchekwa. Tuanze mwanzo.

Zamani mtoto akiharisha na kutapika, choo kinapimwa, bakteria hawaonekani, na daktari hana jina la kumpa mama. Mwaka 1973, huko Melbourne, Australia, Ruth Bishop na wenzake walitazama vipande vidogo vya utumbo wa watoto wagonjwa kwa darubini ya elektroni. Wakaviona virusi vya mviringo. Baadaye vikaitwa rota, neno la Kilatini la gurudumu, maana ndivyo vinavyofanana.

Virusi vya ukoo huo huo vipo kwa ndama, na vipo kwa nguruwe, ambako vinaharisha vitoto vyao. Kila mnyama ana aina zake, lakini mara nyengine zinavuka. Kirusi cha rota kina vipande 11 vya vinasaba. Aina mbili zikiingia kwenye seli moja, zinaweza kubadilishana vipande, kama vile kuchanganya karata za mafungu mawili kisha ukagawa upya. Ndiyo maana Brazil walikuta watoto wenye aina ya G5, ambayo kwa kawaida ni ya nguruwe. Hapa kwetu Afrika Mashariki, watafiti walipima nguruwe wa wafugaji wadogo Kenya na Uganda, wakakuta rota za makundi A na C, hata kwa nguruwe wasioonesha ugonjwa wowote.

Najua mtaniambia: "Nesi, sie Unguja wengi wetu hatufugi nguruwe, yatuhusu nini?" Yatuhusu, kwa sababu rota haisubiri nguruwe. Inatoka choo cha mtoto kwenda mkononi, mkononi kwenda mdomoni, na boti ya Dar inapanda kama abiria mwengine. Kabla ya chanjo, karibu kila mtoto duniani, wa tajiri na wa masikini, alikuwa ameshaipata kabla ya kutimiza miaka 5.

Sasa chanjo. Ya mwanzo ilitoka Marekani 1998, ikaondolewa 1999 kwa sababu ilionekana kuongeza hatari ya utumbo kujikunja ndani yake. Zilizofuata zilijaribiwa kwa makumi ya maelfu ya watoto kwanza. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani likashauri nchi zote ziitumie. Tanzania ikaizindua mwishoni mwa 2012, na Zanzibar tumo. Watafiti walifuatilia watoto waliolazwa Mnazi Mmoja miaka 3 ya mwanzo, na wanaolazwa kwa rota walipungua.

Na ule ujumbe? Mama zangu, haukutoka hewani. Machi 2010 watafiti wa Marekani walikuta ndani ya chanjo mojawapo, ile ile iliyokuja kuanza kwetu, vinasaba vya kirusi cha nguruwe kiitwacho sirkovirusi namba 1. Wakasimamisha matumizi kule. Mwezi Mei wakaruhusu tena, kwani kirusi hicho hakijulikani kumdhuru binadamu, na hata nguruwe mwenyewe hakimuumizi. Kiliingia kupitia tripsini, kimeng'enya kinachotolewa kwa nguruwe na kutumika kukuzia seli kiwandani.

Huo ndio ukweli wote. Aliyeandika ujumbe kachukua nusu yake, akaacha nusu inayomlinda mtoto.

Upande wa dini, mimi ni nesi, si sheikh. Ninachojua ni kuwa mwaka 2003 Baraza la Ulaya la Fatwa na Utafiti lilitazama chanjo ya polio iliyotumia tripsini hiyo hiyo, likairuhusu. Muulize sheikh unayemwamini, lakini mpelekee habari nzima, si ujumbe wa simu. Na usichelewe: dozi ya kwanza ni wiki 6, ya pili wiki 10. Hii si chanjo ya kusema "nitampeleka akikua".

Jengine: matone hayazuii kila kuharisha, yanapunguza ile rota kali inayomkausha mtoto. Hata aliyechanjwa akiharisha, mpe ORS kidogo kidogo, endelea kumnyonyesha, na muulize mhudumu wa afya kuhusu vidonge vya zinki. Ukiona macho yamezama, analia bila machozi, hakojoi, amelegea au hawezi kunywa, usingoje asubuhi. Mlete.

Yule dada kanijibu jana: kaongea na mumewe, wakaenda kwa sheikh wao pamoja, na Jumatatu wanakwenda kliniki. Mimi nimefurahi kwamba waliuliza.

Sehemu ya 4 nitaeleza historia ya ORS. Masuali yaacheni hapa chini, nikitoka zamu nitajibu.