Kuziba na Kuzibua: Historia Fupi ya Maneno ya Majitaka

Lugha yetu ilikuwa na kitenzi cha kuzibua kabla nyumba zetu nyingi hazijaingizwa mabomba. Kamusi sanifu ya Kiswahili na Kiingereza iliyosimamiwa na Frederick Johnson, ikatolewa mwaka 1939, inayo maneno ziba, zibua, kizibo na kizibuo; hili la mwisho likiwa ni jina la chombo cha kufungulia chupa. Kauli ya kutendua ndiyo iliyofanya kazi hapa, kama katika funga na fungua. Fundi bomba alipoingia nyumbani, kitenzi chake kilikwisha kumtangulia.

Hata hivyo kitenzi hicho chataka uangalifu. Bomba limeziba lenyewe, kwa mafuta ya kupikia yaliyoingia yakiwa moto yakagandia ndani, au kwa nywele na mchanga. Bomba limezibwa na mtu kwa kusudi. Mwandishi wa taarifa ya ofisi anayeandika "bomba la choo limezibwa" anamwambia fundi kwamba kuna mtu aliyelifunga. Na fundi mwenye kuheshimu maandishi ataliacha hivyo hivyo, majitaka yakizidi kufurika uani.

Taabu kubwa zaidi imo katika majina. Chukua mfereji. Mombasa, maji ya mfereji ni maji safi ya kunywa, yaani yale ambayo Dar es Salaam huitwa maji ya bomba. Lakini sehemu nyingi za bara mfereji ni handaki lililochimbwa kupitishia maji, na mara nyingi maji yenyewe ni machafu. Maana zote mbili ni halali, kwani kiini chake ni njia iliyotengenezwa na watu ili maji yapite. Sultani Barghash, aliyetawala Unguja tangu 1870 hadi 1888, alipoleta mjini maji ya chemchemi, njia ya namna hiyo ilikuwa neema. Basi mfasiri wa tangazo la afya afanyeje? Akiandika "msitumie maji ya mfereji", msomaji mmoja ataepuka mtaro na mwingine ataacha maji salama. Sisi twapendelea mtaro kwa njia ya wazi ya maji machafu, na bomba la majitaka kwa ile iliyofunikwa ardhini. Mfereji uachwe katika matangazo ya namna hiyo, ingawa hatuna haki ya kuwanyang'anya watu wa Mombasa neno lao.

Karo nalo lina mambo yake. Tanzania ni mahali pa kuoshea vyombo, na pia shimo la kupokea majitaka. Kenya, mzazi asikiapo karo hukumbuka ada ya shule. Kwa hiyo katika maandishi yanayovuka mpaka ni heri kuandika shimo la majitaka kwa ukamilifu. Chemba, tulilolipata kutoka Kiingereza, limekwisha kukaa vizuri vinywani mwa mafundi, wala hatuoni sababu ya kulifukuza.

Limebaki pindo la bomba lililo chini ya beseni na choo, ambalo mwaka 1775 Alexander Cumming, mtengenezaji wa saa huko London, alilipatia hataza. Pindo hilo hubakiza maji kidogo, na maji hayo huzuia harufu isirudi nyumbani. Hapo ndipo uchafu hupenda kukwama, na ndipo fundi huanzia kazi yake. Tunapendekeza liitwe kiko. Kiko cha mkono ni pale mkono unapokunjika. Na katika kiko cha tumbaku cha zamani, chenye bori na digali, kiko hasa kilikuwa ni kibuyu cha maji ambamo moshi ulipitia. Kweli, katika kibuyu hewa hupita kwa kuvutwa, na katika bomba huzuiwa. Lakini umbo na maji ni yale yale, hata mlio wake ni ule ule beseni linapomalizika maji.

Ama ule mpira wenye mpini unaosukuma maji mpaka uchafu uachie, wengine huueleza kwa maneno manne au matano. Kizibuo kinatosha. Aliyeagizwa kizibuo cha choo hataleta kile cha chupa.