Kamera na Mkono Unaoiongoza: Upigaji Picha Karagwe na Kyerwa

Picha za Karagwe zilizotangulia kuenea Ulaya zilikuwa michoro. John Hanning Speke na James Augustus Grant waliondoka Zanzibar mwaka 1860, na Novemba 1861 wakafika Bweranyange kwa Omukama, yaani mfalme, Rumanyika. Grant ndiye aliyekabidhiwa kamera mwanzoni mwa safari, na Zanzibar alipiga nayo picha. Baadaye Speke alivirudisha vifaa hivyo, akiona kazi yenyewe ni nzito mno kwa joto la nchi. Kwa utaratibu wa Frederick Scott Archer wa mwaka 1851, mpiga picha alipaka dawa kwenye kioo, akakitia ndani ya kamera, kisha akakisafisha kabla dawa haijakauka, yote hayo akiwa na dakika chache tu na hema lenye giza. Badala ya kamera, Grant akashika brashi na rangi za maji. Ugonjwa wa mguu ulimweka Karagwe hadi Aprili 1862, Speke akiwa ameshatangulia Buganda, na michoro yake ikachukua sehemu kubwa ya picha za kitabu cha Speke cha mwaka 1863.

Henry Morton Stanley alifika kwa Rumanyika mwaka 1876, na kitabu chake cha 1878 kikaonyesha kwa mchoro nyumba ya hazina ya mfalme huyo. Kufikia hapo mzigo wa mpiga picha ulikuwa umeanza kupungua. Mwaka 1871 Richard Leach Maddox alieleza namna ya kutumia vioo vikavu, vilivyoweza kuandaliwa mapema na kusafishwa baadaye. Mwaka 1888 kamera ya Kodak ya filamu ya kukunja ikaanza kuuzwa. Wajerumani walipojenga kituo Bukoba mwaka 1890, kamera ilikwishakuwa chombo cha kawaida cha safari. Hata hivyo, jicho, mkono na kamera vilipaswa kuwa mahali pamoja. Mpiga picha alifika tu pale miguu yake ilipofika, na mkono wake ulipotikisika, picha nayo iliharibika.

Matatizo hayo mawili, umbali na mtikisiko, yalitatuliwa kwa njia tofauti. Kwa mtikisiko, mabaharia walikuwa na jibu tangu zamani: dira ya meli iliwekwa ndani ya pete zinazozunguka moja ndani ya nyingine, yaani gimbali, ikabaki sawa hata chombo kikilala upande. Kwa umbali, Nikola Tesla alionyesha New York mwaka 1898 mashua ndogo iliyoongozwa kwa mawimbi ya redio. Ilipita miaka mingi kabla mawazo hayo hayajakutana kwenye kamera. Bernhard Grzimek na mwanawe Michael walipopiga filamu ya Serengeti kutoka angani, walilazimika kuruka wenyewe, na Michael alikufa katika ajali ya ndege tarehe 10 Januari 1959. Katika miaka ya 1970 Mmarekani Garrett Brown alibuni Steadicam, iliyotuliza kamera juu ya mwili wa mpigaji anayetembea.

Televisheni ilianza Zanzibar mwaka 1973 na Tanzania Bara mwaka 1994. Kamera za video zikaingia pia kwenye harusi na sendofu, zikibebwa begani au kusimamishwa kwenye miguu mitatu. Mageuzi makubwa yalikuja mwaka 2013 na 2014, muda mfupi baada ya Kyerwa kuwa wilaya inayojitegemea, mbali na Karagwe. Ndipo gimbali za mota za umeme, zenye vihisio vinavyopima kila mwinamo na kuusahihisha papo hapo, ziliposhuka bei na kufungwa hata kwenye ndege nyuki.

Gimbali ya namna hiyo huongozwa kwa rimoti ya vijiti viwili. Maandalizi huanza umeme ukiwa umezimwa. Kamera, pamoja na lenzi, betri na kadi yake, husawazishwa uzito hadi ibaki palepale inapoachwa; isipokaa sawa, mota huchemka na picha hutetemeka. Kisha vihisio hupangwa upya gimbali ikiwa imetulia, na rimoti huoanishwa na kipokezi chake. Kila mwendo hupewa chaneli yake: kugeuka kushoto na kulia, kuinama na kuinuka, na kulala ubavu. Kwa kawaida kijiti huamua mwendokasi: kikisukumwa kidogo kamera hugeuka taratibu, kikiachwa hurudi katikati nayo husimama. Katikati huachwa nafasi ndogo isiyo na athari, ili mguso wa bahati mbaya usiisogeze, na eneo linalofuata hulainishwa ili mwendo uanze bila kushtuka. Mwisho hupangwa kamera isimame mawasiliano yakikatika. Ndege ikiwa kubwa, mtu mmoja huirusha na mwingine huongoza kamera kwa rimoti ya pili.

Mazingira ya Karagwe na Kyerwa yana masharti yake. Rimoti nyingi hutumia masafa ya 2.4 GHz, ambayo huzibwa kirahisi na kilima au miti minene, hivyo mwongozaji hutafuta mahali anapoiona kamera bila kizuizi. Mto Kagera ni mpaka wa wilaya hizo na nchi za Rwanda na Uganda, na ndege nyuki haivuki mpaka kwa hiari ya mrushaji. Urushaji wenyewe husimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, na mapori ya Rumanyika-Karagwe na Ibanda-Kyerwa yalipopandishwa hadhi kuwa hifadhi za taifa mwaka 2019, kupiga filamu ndani yake kukawa chini ya vibali vya Shirika la Hifadhi za Taifa Tanzania (TANAPA).