Sentensi Aliyoifuta Padre Lemaître

Wengi huamini kwamba kila sayansi inapopiga hatua mbele, Mungu hurudi nyuma hatua moja. Historia ya nadharia ya Mlipuko Mkuu inaivuruga hesabu hiyo, maana mwasisi wake, Georges Lemaître wa Ubelgiji, alikuwa padre wa Kikatoliki, aliyepata daraja hilo mwaka 1923. Mwaka 1927 alichapisha makala ya Kifaransa katika jarida la Brussels ambalo wachache walilisoma, akionyesha kwa milinganyo ya Einstein kwamba ulimwengu unatanuka. Mwanaastronomia Edwin Hubble alitoa vipimo vyake maarufu vya galaksi miaka miwili baadaye. Einstein alimjibu padre kwamba hesabu zake hazina kasoro, ila fizikia yake inachukiza.

Mwaka 1931 Lemaître alikwenda mbali zaidi. Katika barua fupi kwa jarida la Nature alidai kwamba ulimwengu ulianza na chembe moja iliyobeba nishati yote. Rasimu yake iliyopigwa taipu inaishia kwa maneno kuhusu Mungu aliyejificha, na kuhusu fizikia inayoweka pazia linaloficha uumbaji. Maneno hayo yamekatwa kwa mstari, na jarida halikuyachapisha. Si woga uliomfanya ayakate: alikuwa akitembea na kola ya upadre mbele ya wanasayansi wote. Alijua kwamba jina la Mungu halina kazi ndani ya mlinganyo. Mwanaastronomia Fred Hoyle, aliyeubandika mwanzo huo jina la Mlipuko Mkuu katika redio ya BBC mwaka 1949, alishuku kwamba ni Kitabu cha Mwanzo kilichovishwa joho la kisayansi. Cha ajabu, Papa Pius XII alikuwa na fikra hiyohiyo, ila yeye aliifurahia. Novemba 1951 aliwahutubia wanasayansi wa akademia ya Vatikani akidokeza kwamba sayansi sasa inamshuhudia Muumba. Lemaître hakupendezwa, na Papa alipozungumza na wanaastronomia mwaka uliofuata, hakuirudia hoja hiyo.

Wapo wanaosema padre alijigawa tu, maabara siku za kazi na altare Jumapili. Hilo ni jepesi. Zito ni hili: imani ambayo hakuna kipimo kinachoweza kuigusa, ina thamani gani? Nakubali kwamba muumini wa aina ya Lemaître hapati ushahidi wowote kutoka kwenye darubini, na asijidai kuwa nao. Nakubali pia kwamba si kila imani iko salama: anayesema dunia ina umri wa miaka elfu chache ametoa dai la fizikia, na fizikia imeshamshinda. Lakini swali la kwa nini kuna chochote cha kupimwa halishindani na vipimo, kwa kuwa kila kipimo huanza na kitu ambacho tayari kipo. Mnururisho wa mabaki ya ule mwanzo, uliogunduliwa na wanaastronomia wa redio Penzias na Wilson na kutangazwa mwaka 1965, uliizika nadharia ya Hoyle ya ulimwengu usio na mwanzo, bila kumthibitisha Mungu. Leo wapo wanafizikia wanaotafuta kilichoutangulia Mlipuko Mkuu. Wakikipata, hotuba ya Papa ya 1951 ndiyo itakayohitaji kuandikwa upya.